Ng'ombe Asubiri: Kisa cha Shamba Dogo la Familia Moja ya Wete

Katikati ya 2024 mwalimu mmoja wa skuli ya msingi, mkaazi wa mji wa Wete, kisiwani Pemba, alistaafu akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo hakijatoka, yeye alikwisha kukipangia kazi: ng'ombe chotara mwenye mimba ambaye jamaa yake alikuwa tayari kumuuzia, kuku hamsini, migomba, mishokishoki, mistafeli, na kibanda cha wajukuu kupumzika wakija likizo. Shamba lilikuwepo, upande wa Pandani, ndani ya eka tatu alizopewa marehemu baba yake baada ya Mapinduzi. Hakuwa akitafuta utajiri. Alitaka mahali pa kwenda asubuhi na kitoweo asichokinunua.

Nitamwita Bi Mwalimu, kama wanavyomwita majirani zake, na baadhi ya mambo nimeyageuza ili familia isitambulike. Mumewe aliniita nikatazame shamba na kutoa rai juu ya banda la ng'ombe: lielekee wapi, sakafu iwe ya saruji au ya udongo. Rai yangu ilikuwa banda lisijengwe kwanza. Haikupokewa vizuri, na sikuwalaumu, kwa sababu kila kinachotajwa kuwa sharti la kuanza shamba walikuwa nacho. Fedha ziko njiani. Muda upo. Ardhi ipo. Na mwezi wa Julai, masika yakishapita, Pemba ni kijani kibichi kila upande. Ukitazama unaona kama lolote utakalochomeka litaota.

Kilichokosekana ni mtu. Si mwenye shamba, maana wenye shamba walikuwa wengi kuliko walivyodhani, na hilo nitalifikia. Namaanisha mtu wa kuwepo pale kila siku, saa ile ile, awe mzima au ana homa, kuwe na harusi au msiba.

Shamba linaweza kukukosa siku ngapi

Watu wakipanga shamba dogo huuliza nini kinalipa. Kwa familia inayolala mjini mimi huanza na suali jengine: kitu hiki kinavumilia siku ngapi bila ya mimi kufika?

Mnazi uliokwisha kushika huvumilia miezi. Muhogo, ukipata palizi mbili za mwanzo na majani yakafunga kivuli chini, unaweza kuuacha wiki mbili au tatu. Mgomba unataka jicho kila baada ya siku chache wakati wa mkungu, la sivyo tumbili wataujua mkungu wako kabla yako. Mchicha na tungule (nyanya) wakati wa jua havistahamili siku mbili bila maji. Kuku ni kila siku, tena mara mbili: kuwafungulia asubuhi na kuwafungia magharibi, maana ngawa hana habari kwamba leo uko harusini. Ng'ombe wa maziwa anakamuliwa asubuhi na jioni, na hapo bado hujamkatia majani wala kumtekea maji.

Bi Mwalimu alitaka kuanzia mwisho wa orodha hiyo.

Tulikaa tukapiga hesabu pale pale chini ya mwembe. Ng'ombe wa kilo 350 hula kwa siku majani mabichi kiasi cha asilimia kumi ya uzito wake, yaani kilo 35, na akiwa anakamuliwa huzidi. Siku ya jua kali anaweza kunywa lita 50 za maji na bado akatafuta ndoo. Wafugaji wengi hukadiria kati ya nusu eka na eka nzima ya majani ya tembo kwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Sehemu ya Bi Mwalimu katika shamba lile ilikuwa nusu eka. Kwa lugha nyengine, ng'ombe angelikula shamba lote, na mishokishoki na migomba isingepata hata pa kusimama.

Mumewe akasema majani ya ukingo wa barabara yapo tele. Yapo, Julai. Lakini mimba ya ng'ombe yule ilikuwa ya miezi minne hivi, na ng'ombe hubeba miezi tisa. Atazaa Disemba. Ataingia katika maziwa mengi, na kwa hiyo katika ulaji mwingi, Januari na Februari, kaskazi ikivuma na majani ya barabarani yamebaki vijiti. Huo ndio wakati ambapo kila mfugaji wa eneo lile anatoka na panga lake kuelekea ukingo ule ule. Aliyekwisha kuishi na ng'ombe anajua pa kupata majani Februari. Anayeanza anajua ya Julai tu, na ndiyo yanayomdanganya.

Na kuna kupe. Chotara hana ustahamilivu wa ng'ombe wetu wa kienyeji mbele ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na dawa ya kuogesha haisubiri nafasi yako. Kuna watu wanaodhani habari ya maradhi ya ng'ombe visiwani iliisha mwaka 1997, pale Unguja ilipotangazwa kuwa haina tena mbung'o baada ya kazi ya miaka ya kuachia madume waliotasishwa. Ile ilikuwa kazi kubwa kweli kweli, lakini ilihusu mbung'o. Kupe wamebaki.

Ng'ombe akauzwa kwa mtu mwengine mwezi uliofuata. Bi Mwalimu alinuna, na haki alikuwa nayo: ni yeye aliyekuwa amempigia hesabu ya maziwa ya chai kwa wajukuu wote.

Mshokishoki na mirathi

Sehemu hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka wakisema "sisi ni ndugu, hatuna maneno."

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali, na mtu huwa na haki ya kuitumia. Ndivyo ilivyowekwa baada ya Mapinduzi na ndivyo ilivyo katika sheria ya ardhi ya 1992. Eka tatu zilizoanza kugawiwa mwaka 1965 ziliwapa wakulima haki hiyo, na waliofuata baada yao ni warithi. Baba yake Bi Mwalimu aliacha watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Mkewe alimtangulia, na hapakuwa na mrithi mwengine. Kwa mirathi ya Kiislamu mwanamume anapata sehemu mbili za mwanamke, kwa hiyo hisa ni sita na eka ni tatu: kila kaka eka moja, kila dada nusu eka. Mtoto wa darasa la tano angeigawa.

Ila shamba halikai kama hesabu. Upande wa juu kulikuwa na mikarafuu kumi na minne, upande wa chini minazi mikongwe, katikati mwembe mkubwa, na kwenye mtelemko sehemu ya wazi ambayo miaka ya nyuma ililimwa viazi vitamu. Visiwani mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwengine, na kila mtu analijua hilo. Tangu mzee afariki, kaka mkubwa ndiye aliyesimamia uchumaji wa karafuu na kuwagawia wenzake fedha shirika la Serikali likishazinunua. Hakuna aliyelalamika. Hakuna pia aliyeandika popote.

Bi Mwalimu alipomwambia kaka yake kwamba ameagizia miche ya mishokishoki, kaka alinyamaza kidogo kisha akasema, "Dada, muhogo lima utakavyo. Mti wa kudumu tuzungumze kwanza."

Ukisikia hivyo kwa haraka utasema ni roho mbaya. Mumewe Bi Mwalimu alisema zaidi ya hapo. Lakini kaka alikuwa akisema kitu cha zamani sana katika visiwa hivi: mtu akiazimwa kipande hupanda muhogo, viazi, mtama, kunde. Hapandi mnazi wala mwembe. Mmea wa msimu unavunwa na kuondoka. Mti wa kudumu unabaki, na mwenye mti anabaki nao, kisha watoto wake. Kupanda mti ni kudai. Kaka hakumwogopa dada yake. Aliwaogopa watoto wa dada yake na watoto wake mwenyewe, wakikutana pale miaka thelathini ijayo chini ya mshokishoki wenye matunda bila ya karatasi yoyote.

Kwa maoni yangu neno lile la kaka ndilo lililoliokoa shamba. Kuanzia Agosti hadi Disemba hakuna jembe lililopigwa. Walikwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kuweka sawa mirathi ya mzee. Dada mdogo, anayeishi Unguja, alivuka kuja mara moja ili awepo ana kwa ana. Kisha wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba ardhi isikatwe vipande vya kuuzwa. Kila mmoja atatumia sehemu inayojulikana. Mikarafuu yote itabaki pamoja na fedha zake zitagawiwa kwa hisa. Na Bi Mwalimu ataruhusiwa miti ya matunda ndani ya sehemu yake, idadi yake itajwe. Sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, alikuja asubuhi moja, wakatembea wote, wakahesabu miti mmoja mmoja, wakapiga vigingi, wakatia saini. Mnazi mmoja uliokuwa juu ya mstari ulizua mabishano ya karibu saa nzima. Wakaamua ni wa msikiti.

Matembezi yale yalifichua jambo ambalo karatasi haikuonesha. Kati ya nusu eka ya Bi Mwalimu, kiasi cha nusu yake ilikuwa chini ya kivuli cha mikarafuu na mwembe. Muhogo wa kivulini hutoa majani marefu na mizizi ya kuaibisha. Mkarafuu haukatwi bila kibali, na mwembe hakuna aliyetaka uguswe. Kwa hiyo shamba la kulima kwa kweli lilikuwa robo eka. Kwa upande mwengine, kibanda cha wajukuu kilifutwa kwenye bajeti: mwembe ulitosha.

Kuku wa sokoni

Wakati mirathi inasubiriwa Bi Mwalimu hakuweza kukaa bure. Oktoba alinunua kuku, na hapa alifanya jambo moja la busara na jengine la haraka.

La busara: hakuwapeleka shamba. Aliwaweka nyuma ya nyumba, mjini, pale anapolala. Kiumbe kinachotaka mtu kila siku kiwekwe mtu aliko kila siku, hata kama harufu ya shamba haipo.

La haraka: alinunua matetea kumi na jogoo mmoja kwa siku moja, kutoka kwa wauzaji wanne tofauti, akawatia banda moja. Siku ya tatu akampata kijana wa kuwachanja dhidi ya mdondo, ugonjwa wa kuku unaoua haraka, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Siku ya sita wawili wakawa wamesinzia, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani. Siku ya nane mmoja alikuwa amepinda shingo, kichwa kinatazama juu, anazunguka palepale. Ilipofika siku ya kumi, kuku saba walikuwa wamekufa.

Nyumba nzima iliamua kwamba dawa ndiyo iliyowaua. Tarehe zinasema jengine. Kuku aliyeambukizwa mdondo huchukua siku kadhaa, mara nyingi tano au sita, kabla ya kuonesha dalili. Na chanjo inataka kiasi cha wiki mbili hadi kinga ikamilike. Walioanza kuumwa siku ya sita baada ya kununuliwa walikuja na ugonjwa kutoka walikotoka, au waliupata sokoni katika matenga. Kijana wa chanjo alifika nyumba imeshashika moto.

Kilichofanya mambo kuwa mabaya zaidi ni kuwahi kisu. Hakuna anayetaka kibudu, kwa hiyo kuku akianza kusinzia anachinjwa haraka aliwe. Wawili walichinjwa uani, manyoya yakapeperuka, matumbo yakatupwa jaani, na kunguru na paka wakayasambaza. Jirani wa pili akapoteza kuku wake wiki iliyofuata. Mdondo hauambukizi mtu kwa kula nyama iliyopikwa, na kwa hilo familia haikudhurika. Lakini mabaki yalipaswa kufukiwa shimoni.

Banda lilikaa tupu miezi miwili, likafagiliwa, likapakwa chokaa. Januari alinunua matetea watano kutoka nyumba moja tu, ya mama anayechanja kila miezi mitatu na anayejua kila kuku alizaliwa lini, naye mama huyo akampa na jogoo wa kuazima. Chanjo waliichangia nyumba sita za mtaa, kwa sababu chupa moja ikishafunguliwa haiwekwi, na ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Vifaranga wa kwanza walipoanguliwa walikaa na mama yao chini ya tenga wakati wa mchana kwa mwezi mzima. Ni kazi ya kuchosha, kuhamisha tenga kila jua linapogeuka. Lakini kunguru na mwewe hawakupata zaidi ya wawili.

Kuku hamsini? Amewasahau. Matetea watano wanaotaga kwa zamu wanaitosha nyumba mayai, na wageni wakija hupatikana wa kuchinja.

Mvua, funga na hoteli

Uzio ulipangwa kujengwa Novemba. Haukujengwa, na aliyewahi kuishi Pemba anajua kwa nini: karafuu zikiiva, kibarua humpati. Kila mwenye miguu ya kupanda yuko juu ya mti, na aliye chini anachambua au anaanika juu ya jamvi. Hata ukiongeza ujira, unashindana na mkarafuu, na mkarafuu unashinda. Uzio ukajengwa Februari, kwa bei nafuu, na vijana wale wale.

Masika kwa kawaida hufungua katikati ya Machi. Mwaka 2025 mwezi wa Machi ulikuwa karibu wote ni Ramadhani. Mumewe Bi Mwalimu alitaka wapande mvua za mwanzo. Mkewe alikataa kushika jembe akiwa amefunga, na sikuona sababu ya kumlazimisha. Wiki mbili za mwanzo za masika si hasara kwa muhogo. Zingekuwa hasara kwa mahindi. Waliingia shambani baada ya Idi, wiki ya kwanza ya Aprili.

Hapo ndipo wakati ulipokuja wenyewe, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mtoto wao wa kiume anafanya kazi hotelini kaskazini mwa Unguja. Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa kwa matengenezo, na yeye akarudi nyumbani Wete akiwa na mikono miwili na hana la kufanya. Matuta yote ya robo eka aliyapiga yeye na shemeji yake. Familia ngapi za visiwa hivi zina kijana hotelini? Miezi ambayo utalii unalala ndiyo miezi ambayo udongo unataka jembe, na bado wengi tunapanga shamba Julai, hoteli zikijaa na kijana hana hata Jumapili.

Mbegu za muhogo jirani alizitoa bure, mzigo mzima. Niliwaomba wasizipokee kabla hatujang'oa shina moja alilolikata. Majani yalikuwa mazuri, hayana batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani. Tukaukata mzizi kwa kupasua mapande membamba, kama unavyokata muhogo wa kukaanga. Kipande cha kwanza cheupe, cha pili cheupe, cha tatu kina doa la kahawia la ukubwa wa punje ya mtama, kavu, gumu likiguswa na ncha ya kisu. Cha tano kina madoa matatu. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ubaya wake ni huo: shina linaweza kupendeza juu na mzizi umekufa ndani, ukajua baada ya miezi kumi. Jirani mwenyewe alishtuka. Alikuwa akidhani ni udongo wake.

Mbegu safi wakazitafuta kupitia watu wa utafiti wa kilimo. Mwaka 2007 Zanzibar ilitoa rasmi aina nne zilizochaguliwa kwa kustahamili maradhi hayo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Walipata aina mbili kati ya hizo. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, robo eka inaingia mashina kama elfu moja. Walipanda kiasi cha mia sita na sehemu iliyobaki wakaiacha kwa migomba kumi na miwili, mkono wa tembo na mzuzu, na kitanda cha mchicha karibu na tangi.

Tangi lenyewe lina hesabu nzuri. Banda la vifaa lina paa la bati la mita nne kwa tano, mita za mraba 20. Kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua nzito ya milimita 50 inakupa lita elfu moja ukiacha kidogo kinachopotea, na tangi lao ni la lita elfu moja. Mvua moja ya masika inalijaza. Shida ni kwamba pia inalijaza mara moja tu. Tangi la pili lingekuwa na faida kuliko uzio, na hilo niliwaambia wakati fedha zilikwisha kwenda kwenye uzio.

Jambo dogo la minazi. Mumewe alitaka kuchoma viota vya maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani, kwa sababu waling'ata mjukuu. Nilimzuia. Miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alifanya kazi hapa Zanzibar juu ya minazi inayoangusha vidaka, ikaonekana kwamba mdudu anayefyonza nazi changa ndiye mkosaji na kwamba minazi yenye maji moto huwa salama. Mdudu huyo hata jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, limechukuliwa kutoka kwake. Wakafunga kamba kutoka mnazi mmoja hadi mwengine ili siafu wapite juu bila kushuka chini, na mjukuu akaonywa.

Ilipofikia

Ramadhani ya 2026 ilianza wiki ya tatu ya Februari, na muhogo wa Aprili ulikuwa na miezi kumi. Kila jioni nyumba ilikuwa na muhogo wa nazi wa kufuturu, majirani walipelekewa, na mapolo kadhaa yaliuzwa kwa bei ya Ramadhani, ambayo kila mnunuzi anaijua na kuilalamikia. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mpango huu haukai milele: miaka michache ijayo muhogo wa Aprili utakuwa mchanga mfungo ukiingia, na itabidi upandwe wakati wa vuli ya mwaka wa nyuma.

Mishokishoki iliingia mitatu, kwa saini za ndugu wote. Niliwasisitizia wanunue miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa na kikonyo cha mti unaozaa, si ya mbegu. Mshokishoki wa mbegu unaweza kuutunza miaka sita ukagundua ni dume, unatoa maua na hakuna tunda.

Bi Mwalimu anakwenda Pandani asubuhi nne kwa wiki, nyuma ya pikipiki ya mumewe, na magoti yanamruhusu. Jirani wa shamba, mama mwenye nyumba hatua chache kutoka kwenye vigingi, anatupia jicho siku zilizobaki na anachuma kisamvu na mchicha atakavyo. Makubaliano hayo hayakuandikwa, na sidhani yanahitaji.

Ng'ombe yule aliyeuzwa alizaa salama Disemba ile, na mwenyewe anamkamua vizuri. Bi Mwalimu hunikumbusha kila tukionana. Aliyemnunua anaishi ukuta kwa ukuta na banda, ana vijana wawili nyumbani, na majani aliyapanda miaka miwili kabla. Kwake Julai 2024 ulikuwa wakati wake.

Suali limerudi mezani. Mumewe anastaafu mwishoni mwa 2026, na dada mdogo wa Unguja amekubali nusu eka yake ipandwe majani ya tembo. Rai yangu ni wapande vuli hii, wasinunue mnyama, waangalie kaskazi itakapomalizika kama majani yaliyosimama yanaweza kukatwa kilo 35 kwa siku bila kumalizika. Yakiweza, watafute ng'ombe atakayezaa Aprili. Yasipoweza, watafute mbuzi wawili wa kufunga kamba, wakijua kwamba kamba ikikatika kesi itakwenda kwa sheha.

Kaka mkubwa bado hajatia saini ya majani. Anasema majani ya tembo yakishashika hukaa miaka, na kwa hiyo kabla ya yote anataka iandikwe wazi ni mmea wa msimu au ni mti.